Mti Niliokupikia

Baba Zodwa, mume wangu,

Nimekaa kuandika barua hii mara nne, na mara nne nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa. Mara ya pili nilikwenda kutazama kama geti lina kufuli, saa nne asubuhi, jua linawaka, utadhani nina miadi na wezi. Mara ya tatu nimeisahau. Mara ya nne nilitoka uani nikausimamia ule mti, mikono kiunoni, kama trafiki aliyesimamisha gari na hajui alishitaki kwa lipi.

Ndiyo, ule ule. Jumamosi saa mbili asubuhi vijana wanaofanya kazi na Zodwa wanakuja na msumeno kuukata. Au hawaji. Nyumba umeniachia mimi, neno ni langu, na leo Alhamisi sijalisema. Binti yako amenipa mpaka kesho jioni. Unajua ninavyochukia kuwekewa mpaka.

Nakuandikia wazi, si barua ya kukunjwa. Itasomwa na wateja wangu wa saluni kule Yeoville, na Watanzania wenzangu, na Wakongo wa kanisani, na yeyote aliyewahi kukaa mezani kwangu nikamwambia kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuharibu chungu. Ndani yake mna ungamo. Wewe unalijua. Wao watalisoma wakiwa wameketi.

Kwa wasiotufahamu niseme kidogo. Mimi ni binti wa Morogoro, niliyeishia darasa la tano kwa sababu la sita lilikuwa na hesabu nyingi. Wewe ulikuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku Afrika Kusini, unakaa kambini nje ya mji wetu, unakuja sokoni kununua nyanya kwa Kiswahili cha kuomba msamaha. Nilikufundisha mimi Kiswahili cha kweli. Nilikufundisha vizuri mno, ukakitumia kunioa. Nchi yako ilipofunguka ukarudi, nami nikafuata, mipaka mitatu juu ya lori, na sanduku moja na mwiko wangu. Tangu hapo nimesuka vichwa vya wake wa mawaziri wawili. Haya, mmoja alikuwa naibu. Na hapakuwa na mboga ya majani chini ya jua nisiyoijua: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, mlenda. Hivyo ndivyo nilivyoamini nilipofika kwenu.

Mama yako alikuwa akipanga nyumba hii ya Bertrams, kabla hujaja kuinunua wewe, tangu siku ambazo mtu mweusi alipanga mtaa huu kwa kunong'ona. Mti aliukuta. Ulikuwa umesimama uani, kati ya choo cha zamani na ukuta, na kamba ya nguo imefungwa shingoni mwake. Gome lake limepasuka mifereji mirefu, kama kamba zilizosokotwa na mtu mwenye hasira. Miiba imekaa miwili miwili, kila jani na walinzi wake. Na majani yenyewe! Vijani laini vya duara, vimepangwa huku na huku kwenye kikonyo kimoja, na juu yake vishada vya maua meupe vinaning'inia vikinukia mpaka barabarani, nyuki wanavuma kwa furaha. Nilikuwa na wiki ya pili nchini kwenu. Sijui Kizulu, sijui Kiingereza, baridi ya asubuhi inaniuma masikio. Nikasimama pale nikalia. Nikasema: mlonge.

Asiyecheka na acheke sasa. Lakini mlonge nao una vijani vya duara. Una maua meupe. Una maganda. Kwetu tunauchuma tunaupika kwa karanga, mtoto mchanga anapona, mzee anainuka. Miiba niliiona, sikuwa kipofu. Nikajiambia huu umeota miiba kwa sababu ni wa Johannesburg, hapa kila kitu kina seng'enge juu.

Ilikuwa Alhamisi kama leo. Mama yako alikuwa amevaa sare yake ya kanisa, amekwenda kwenye maombi ya akina mama. Nikachuma karai zima. Nikachambua, nikachemsha, nikatwanga karanga, nikakorogea. Nikakuita, nikakaa mbele yako nikusubiri, mke mpya anayemtazama mumewe akila. Ulipotia tonge la kwanza mdomoni nyusi zako zilipanda. Ukasema ni chungu kidogo. Nikakujibu mlonge wa kweli una uchungu, ni dawa, kula. Ukala. Ukaomba sahani ya pili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, Baba Zodwa, kwa maana najua uliiomba kwa sababu nilikuwa nakutazama.

Saa kumi ulikuwa unatembea kwa kushika kuta. Saa kumi na nusu ulijifungia chooni. Mimi niliyeonja vijiko viwili tu nilikuwa nimeinama ukutani natapika, na ndipo geti likafunguka, mama yako akaingia na wenzake wanne wa maombi. Wakaona nini? Wakaona makoti, bibi harusi, jina ambalo huku mkwe havuliwi hata akiota mvi, ameshika ukuta anatapika. Wakapiga vigelegele. Mmoja akaanza wimbo. Mjukuu anakuja.

Mama yako hakuimba. Akagonga mlango wa choo akakuuliza umekula nini. Nikafumba macho. Nikasikia sauti yako kutoka ndani, nyembamba kama ya mtoto: "Soseji, Mama. Nilikula soseji ya njiani."

Ulikuwa huna hata nguvu ya kusimama, lakini ulikuwa na nguvu ya kunificha.

Ulilala siku mbili, rangi imekutoka. Mama yako akafunua kile chungu, akakitazama kwa muda, akakitoa nje, akachimba shimo akamwaga, akakiosha mara tatu kwa majivu. Aliniambia neno moja tu, kwamba chungu kimechoka. Nikajisifu moyoni kwamba nimepona. Kisha tukakumbuka vile vigelegele, mimi na wewe, tukaona kuna kazi ya haraka ya kufanya. Zodwa alizaliwa miezi kumi na moja baada ya siku ile. Akina mama wa maombi hawakuhesabu, au walihesabu wakasema Watanzania hubeba mimba polepole.

Tangu siku hiyo ukawa na neno lako. Nikisimama kwenye harusi ya watu nikieleza jinsi nilivyomfundisha mpishi wa hoteli kupika pilau, ulikuwa unanijia kwa nyuma na kusema taratibu, kama mtu anayekohoa: "Mlonge." Nikanyamaza papo hapo. Nikimwambia mteja kwamba mimi ningekuwa daktari kama si hesabu, unapita na gazeti lako: mlonge. Miaka yote ile hakuna aliyejua. Watu walidhani ni jina la mapenzi. Sasa mwaka wa pili hakuna anayelisema, na nakwambia ukweli, nimeongea mpaka najisikia mwenyewe ninavyoongea. Juzi nimemwambia mteja nimewahi kuzungumza na simba. Hakuna aliyenizuia. Nilifika mpaka simba alivyojibu.

Nimeinuka tena. Nimekwenda uani. Nimerudi.

Nikusimulie la mama yako, maana sikukusimulia lote. Mwaka ule wa mwisho wake, nilikuwa namsuka hapo uani, chini ya mti, kichwa chake kati ya magoti yangu. Maua yalikuwa yanatuangukia. Nikaanza kueleza, kama kawaida yangu, jinsi mkono wangu usivyokosea jikoni. Akaniuliza kama najua mkwe wangu, baba yako, alikuwa akifanya kazi gani. Nikasema najua, farasi, alitunza farasi wa watu kule Turffontein, kwenye uwanja wa mbio. Akasema, basi mtunza farasi wa mji huu hufundishwa mambo mawili siku ya kwanza: usisimame nyuma ya farasi, na usimfunge kwenye mti huu, maana akiguguna gome lake anaanguka.

Mikono yangu ikasimama. Akaendelea bila kugeuka: "Suka, makoti. Na miezi pia najua kuhesabu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilitegemea atanitania. Akajibu: "Ningesema, ungeona aibu ungerudi kwenu. Naye angekufuata. Mimi mtoto huyo nilishamngoja mara moja."

Hilo tu. Nikamaliza kumsuka. Mistari ilikwenda upande kama barabara za kijijini, na akaingia nayo kanisani hivyo hivyo.

Kwa hiyo unaona, Baba Zodwa, wanaponiambia huu ni mti tu, nashindwa pa kuanzia.

Anayeniambia ni mwanao. Unajua alivyo, nikimsemesha Kiswahili anajibu Kizulu, na akikasirika anajibu Kiingereza. Kazi yake sasa ni kule bondeni, ule mto unaotokea chini ya mji karibu na uwanja wa mpira. Yeye na wenzake wanausafisha. Wametoa matairi, magodoro, hata mashine ya kufulia. Wakimaliza takataka wanang'oa mimea iliyovamia, na mvamizi mkubwa kwenye ukingo ni huu mti wetu. Sheria ya nchi inasema utolewe. Zodwa alinichukua nikaone. Eish. Nilikuta watoto wake wamesimama bega kwa bega kama foleni ya pasipoti, miiba nje, chini yao hata nyasi moja hakuna. Haukupita barabarani. Umepita chini, kwa mizizi, mzizi unatembea unatoa kichwa, unatembea unatoa kichwa.

Nikautetea. Unanijua. Nikasema nyuki wanaupenda. Zodwa akakubali, asali yake nyeupe ni asali ya maana. Nikasema kivuli. Akakubali. Nikasema majani yake jioni hujikunja kama mtu anayefunga duka, mti wenye adabu hivyo utaukataje? Akacheka. Kisha mwenyewe akaanza kuusifu, nikashangaa, anausifu kuliko mimi. Akasema ni wa ukoo wa kunde, unaulisha udongo chakula kupitia mizizi. Akasema mbao yake haiozi ardhini. Akasema kwao, Marekani, ni daktari wa ardhi: palipoungua, palipochimbwa, palipoporomoka, unafika wa kwanza, unashika udongo, unaurutubisha. Halafu miti mirefu inakuja nyuma yake, inaufunika, na wenyewe unapungua taratibu, kazi yake imekwisha. Ndivyo ulivyoumbwa, kuwahi na kupisha.

"Lakini hapa ni nchi ya nyasi, Mama," akaniambia, kwa Kiswahili, na akisema Kiswahili jua jambo ni zito. "Hakuna mti wa kuufunika. Hakuna wa kuuambia basi."

Nikamwambia nimesikia. Nikatembea kimya mpaka kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, na wewe unajua mimi na kimya.

Nilijaribu na lile jingine, usidhani sikujaribu. Nilimwambia: na sisi tuliokuja kwa lori, na Wakongo wa Yeoville, na mpangaji wetu Papa Kabeya, siku moja watasema mtung'oe na sisi kwa mizizi? Nilidhani nimemaliza maneno. Mwanao alisimama katikati ya njia akanitazama kwa macho ya mama yako. Akasema watu si miti, na mwenye kuwafananisha hivyo nimwogope, hata akiwa ni mimi. Alinipiga bao safi. Usimwambie kwamba nimesema.

Kinachomuuma ni hiki. Kila anapogonga mlango wa mtu kumwomba akate mti wake, watu wa mtaa wanamjibu: anza kwenu. Mama wa spaza, kile kiduka cha mtaani, anamwambia hivyo akimrudishia chenji. Vijana wake hawasemi kitu, nako kutosema ndiko kunakomchoma. Anafanya kazi ya baba yake, Baba Zodwa. Wewe nchi, yeye mto. Na mimi nimesimama uani kama kizuizi cha polisi kwa sababu ya karai la majani.

Lakini pia chini ya mti huo ndipo ulipokaa majira yako ya mwisho. Ulitaka kiti kitolewe pale. Ulikuwa umebaki koti na kofia. Maua yakaanguka juu ya kofia, ukakataa nisiyapanguse. Nikakaa miguuni pako nikakuuliza kama ungependa nikupikie nini. Ukatazama juu, ukatazama mimi, ukaanza kucheka mpaka nikaogopa utakatika. Sikukuona ukicheka tena baada ya hapo. Sasa niambie, neno hilo nilitoe vipi?

Nainuka. Chai.

*

Jumapili, nimetoka kanisani.

Ijumaa jioni Zodwa alikuja kuchukua jibu. Badala ya jibu nilimwambia habari nzima, mlonge, choo, soseji, vigelegele, miezi kumi na moja. Nilimwambia kwamba kama si mti huo huenda angechelewa sana kuzaliwa, na pengine angekuja mtu mwingine, mpole zaidi. Alikaa chini sakafuni. Alicheka kwa sauti yako. Alicheka mpaka Papa Kabeya akatoka chumbani kwake na rungu la ulinzi, kadhani tumevamiwa. Kisha akalia. Akasema hataki tena ukatwe, mti ubaki, atawaambia vijana.

Na hapo ndipo nilipolitoa lile neno. Unanijua, nikishapewa ninachotaka sikitaki. Nikamwambia tumefichana vya kutosha kwenye ua huu. Waje.

Akaniambia jambo ambalo alilisoma: kwamba katika mti ule sumu iko kwenye gome, kwenye mbegu, kwenye majani. Sehemu moja tu huliwa, nayo ni maua. Fikiria. Maua yalikuwa yananipiga usoni siku ile, na mimi katika mti mzima nikachagua majani.

Jumamosi alfajiri nilipanda ngazi nikachuma karai. Karai lile lile. Nikayaondoa vikonyo na kila kitu cha kijani, Zodwa akikagua kimoja kimoja kama mtu wa forodha. Nikayachovya kwenye unga uliokorogwa kwa yai nikayakaanga. Vijana walifika saa mbili, wanne, wakayatazama kwenye sinia, wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wanajua wanachokikata. Zodwa akachukua moja akatia mdomoni mbele yao, akatafuna, akameza. Akaniangalia. Nikawa namtazama vile nilivyokutazama wewe. Akachukua la pili. Nikamwambia asile la pili kwa sababu namtazama. Akasema analila kwa sababu ni tamu.

Lilikuwa tamu, Baba Zodwa. Utamu wa mbali, kama harufu iliyogeuzwa chakula. Sinia likaisha.

Haukuanguka kwa fujo. Waliushusha kipande kipande, nyuki wakizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Kisiki lazima kipakwe dawa mara moja, kabla hakijapumua, la sivyo kesho una miti arobaini. Niliomba brashi. Dawa yake ni ya buluu. Nilipaka mwenyewe, duara lote, pembeni ambapo uhai hupita. Nilisema maneno fulani na kisiki. Hayo si ya barua ya wazi.

Nilipoinuka nikaona wale vijana wananitazama kwa huruma, na huruma siipendi, nikaanza kuwaeleza kwamba kule Morogoro nilikuwa nakata miti mikubwa mara mbili ya huu, peke yangu, kwa panga, nikiwa na mimba. Nilikuwa nimefika kwenye panga.

"Mlonge, Mama," Zodwa akasema nyuma yangu, taratibu, kama anakohoa.

Nikanyamaza papo hapo. Nilibaki na brashi mkononi, dawa ya buluu inadondokea kiatu. Sikugeuka kwa sababu nilitaka kidogo kutojua kwamba si wewe.

Kipande kimoja cha shina nilikataa wasikichukue. Papa Kabeya, ambaye kabla ya ulinzi alikuwa fundi seremala huko Lubumbashi, amekichonga nguzo ya kamba ya nguo, maana kamba ilikuwa haina tena pa kufungwa. Alikipiga kofi akasema: "Hii muti iko nguvu, mama. Siye tutakufa, yeye atabakia." Jana jioni tuliisimika. Nilimlazimisha aisimike kichwa chini, upande wa matawi ardhini, upande wa mizizi juu, isije ikaota. Zodwa akasema mti mfu hauoti, Mama, hata ukiusimamisha kwa kichwa. Nikamwambia yeye amesoma, mimi naujua mti huu.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilikwenda kuutazama. Nimerudi kutoka kanisani nikautazama tena, bado nimevaa kofia. Hakuna kitu. Nguzo tu, na mashati mawili ya Papa Kabeya.

Nitakuwa nautazama kila asubuhi. Nikiona jani, hata moja, sitamwambia Zodwa. Nitakaa nalo siku mbili tatu, kama mama yako alivyokaa na siri yangu, kisha nitalichuma mimi mwenyewe.

Lala, mume wangu. Chungu kimeoshwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Zodwa, makoti wa mama yako